Bildi Iliyolowa

Haya yalimkuta jirani yangu, yule anayenibebea mtoto nikiwa nafua. Mumewe alikuwa baharia kwenye meli ya jeshi iliyopima vina vya bahari. Kazi yake ilikuwa kushusha bildi, pande la risasi lililofungwa kamba. Chini yake kuna tundu linalopakwa mafuta mazito, ili kilichoko sakafuni mwa bahari kinate, wakione.

Safari moja mume huyo alizama, mwili haukuonekana. Jirani akakataa kumlilia. "Nimlilie vipi mtu ambaye bado namngoja?"

Meli ilipozeeka ilipandishwa nchi kavu ikatwe vyuma. Jirani akaenda kuchukua sweta la mumewe lililobaki humo. Mlinzi, aliyewahi kusafiri na mumewe, akampa tochi yake mwenyewe.

"Shemeji, panya wa humo ni wanajeshi wastaafu. Watakupigia saluti."

Jirani akacheka kidogo, akashuka.

Nje jua lilikuwa linawaka, lakini tumboni mwa meli giza lilikuwa totoro. Tochi ikafifia, ikazima. Akasikia kamba ikiteremka taratibu, mkono kwa mkono. Kitu kizito kikagota chini. Kisha kamba ikaanza kupanda, ikidondosha maji.

"Mlinzi, ni wewe?"

"Niko huku nje, shemeji!" sauti ikajibu kwa mbali.

Akapapasa, akagusa bildi. Ilikuwa imelowa. Akatia kidole kwenye tundu. Ndani ya mafuta kulikuwa kumenata kifungo cha shati.

Akakitoa hadi mwangani. Bado kilikuwa na uzi wa kijani, ule aliokishonea mwenyewe kwenye shati la mumewe asubuhi ya safari ile ya mwisho, kwa kuwa mweupe ulikuwa umekwisha.