Tiketi Tano za Kivuli

Nikikuambia kuna watu walipewa viti vya kivuli uwanjani, viti vyenye mgongo kabisa, halafu wakazunguka wakibembeleza wenzao wawapokonye ili wao wakakae juani, utasema naongeza chumvi. Haki ya nani, ilifanyika! Watu wenyewe walitoka Buruburu, Nairobi, miaka ile ya themanini. Wewe soma tu.

Kila jioni Nthambi akitoka shule alivua yunifomu, akaosha vyombo, kisha mbio hadi nyumba ya pili kwa kina Walter. Huko ndiko kulikuwa na isukuti. Isukuti ni ngoma tatu za watu wa magharibi: ngoma baba, ngoma mama na ngoma mtoto. Baba Walter, mfanyakazi wa reli, alipiga ile kubwa. Ndugu yake alipiga ya kati. Walter, aliyekuwa darasa la sita pamoja na Nthambi, alipiga ndogo. Mama Walter aliimbisha. Na Nthambi, msichana wa Kikamba, alitingisha kayamba mpaka majirani wakatoka nje kucheza.

Wiki hiyo mtaa mzima ulikuwa moto. Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa wanacheza na Uganda kwenye mashindano ya Afrika Mashariki na Kati! Babake Nthambi, Bwana Muasya, alikuwa dereva wa kampuni fulani mjini, na kampuni iliwapa wafanyakazi tiketi za bure. Lakini yeye alikuwa ametumwa Mombasa na gari, akasema zake ziwe za Nthambi na kina Walter, na Nthambi ndiye alienda kuzichukua.

"Chukua tano za terasi," Baba Walter alimwagiza. "Zile ngazi za simiti, upande wa jua. Umesikia?"

"Nimesikia, Baba Walter."

Shida ilianzia darasani. Mwenzao Kabiru alijua kuringa, huyo!

"Sisi tutakaa jukwaa kuu, kwa kivuli," alisema. "Nyinyi mtaanikwa kwa simiti kama mahindi!"

Darasa likaangua kicheko. Nthambi hakucheka.

Alipofika ofisini, karani, Bi Nzilani, alimpokea kwa tabasamu. "Wewe ndiye wa Muasya? Ebu ona vile mmefanana! Haya, za terasi ziko, za jukwaa ziko. Chagua."

Nthambi akakumbuka mahindi ya Kabiru. "Nipe za jukwaa, auntie. Tano."

Nyumbani Baba Walter alizigeuza mara mbili. "Mbona za jukwaa?"

"Za terasi zilikuwa zimeisha." Uongo ukatoka tu, kama chafya.

"Wacha nasi tukae kama mabwana!" Mama Walter akacheka, na maneno yakaisha hapo.

Jumapili ikafika. Walitoka kanisani moja kwa moja hadi uwanjani, ngoma begani, wakiimba njia nzima. Walter hata chakula kilimshinda kwa furaha. Kufika mlango wa jukwaa, askari akainua mkono.

"Hizo ngoma zinaenda wapi?"

"Kushangilia, afande."

"Sio hapa. Hapa wanakaa wageni waheshimiwa. Watu waingie, ngoma zibaki."

"Zibaki na nani?" Mama Walter akauliza. "Wewe ushawahi kuacha mtoto wako kwa geti ukaenda kuona mpira?"

"Kwetu ngoma haiachwi nje," Baba Walter akasema polepole. "Zikikataliwa, na sisi tumekataliwa."

Akachungulia ng'ambo kupitia mlango. Huko terasi, nafasi bado ilikuwa tele. "Tiketi ziliisha na mtu anaweza kulisha ng'ombe pale? Kesho naenda kwa huyo karani. Atanieleza mbele ya mkubwa wake!"

Nthambi alijua Bi Nzilani hakuwa na kosa. Na Walter alikuwa ameinamia ngoma yake, anafuta macho kwa mkono wa shati.

"Baba Walter," Nthambi akasema. "Hazikuwa zimeisha. Ni mimi nilichagua hizi. Nilitaka kukaa kwa kiti."

"Nthambi!" Walter akaruka. "Kwa nini hukusema?"

Baba Walter akaishusha ngoma chini. "Haya. Umefunga fundo, na umesema ni wewe. Sasa tulifungueje?"

"Nitatafuta watu tubadilishane."

Rahisi, sivyo? Thubutu! Wa kwanza kwenye foleni ya terasi alimfukuza: "Peleka karatasi zako bandia huko!" Wa pili akamcheka: "Kivuli kwa jua? Umeanguka na kichwa?" Na ndani ya uwanja bendi ilikuwa imeshaanza kupiga.

Ndipo akaona mama mmoja akimpepea mama mkwe wake kwa leso, watoto watatu nyuma yao. Huyo alikuwa Mama Adhiambo, na Nthambi akamweleza kisa chote.

"Na zikiwa bandia?" mama akauliza.

"Shika hizi zote, mama. Mimi usinipe kitu. Nendeni mlangoni. Mkikubaliwa, ndio mnitumie zenu."

Wakaenda. Walter akashika kichwa. "Umewapa zote? Na wakipotea?"

"Nimewaambia ukweli," Nthambi akasema. "Wacha niwaamini."

Wimbo wa taifa ukapigwa, ukaisha. Hakuna mtu. Firimbi ikalia. Hakuna mtu! Mara kijana mrefu akachomoka kwenye umati, anakimbia, tiketi tano mkononi.

"Mama anasema Mungu awabariki! Nyanya ashakaa kivulini!"

Wee! Waliingia terasi kama mafuriko. Baba Walter akapiga ngoma baba, ngoma mama ikaitikia, ngoma mtoto ikadakia, na upande mzima wa jua ukasimama kucheza. Stars walipofunga bao, Nthambi alitingisha kayamba mpaka mbegu zikamwagika. Hata askari wa terasi alikuwa anacheza mabega.

Wakirudi nyumbani, Baba Walter alitembea kando yake.

"Mwanangu, uongo wako ulikuwa mdogo kama sindano, lakini kesho ungemdunga mama wa watu asiyekuwa na kosa. Ukikosa, sema mapema, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha. Leo umesema, na ndiyo maana tumecheza."

"Nimekosa, Baba Walter."

"Najua. Sasa imba, sauti ya Mama Walter imeisha."

Ebu niambie wewe unayesoma: ungekuwa pale mlangoni, ngoma zimekataliwa, lawama inaenda kwa mwingine, na siri unaijua peke yako, ungefanya nini?