Sauti za Kambi ya Mitole

Fundi betri alinikabidhi mzigo nisiouagiza.

"Ya kambi yenu ya Mitole," alisema. "Imekaa hapa tangu mwezi uliopita. Ichukueni, inanijazia duka."

Nilicheka. Betri ya redio ya upepo ya kambini iko hapa Kilwa Masoko, na jana tu jioni nimeongea na watu wote wa kambi? Nikamwambia amechanganya. Akaigeuza, nikaliona jina la kampuni kwa rangi nyeupe. Mwandiko ulikuwa wangu.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, matajiri wa Dar walipoanza kushuka kusini kutafuta mbao. Tajiri wetu alinikalisha mimi ofisini na redio, watu wakawa porini. Kusimamia watu usiowaona ni kazi ya kukutia wazimu. Mara huyu anaumwa, mara yule kagoma, mara unga umeisha. Aliyeniokoa ni Klementi, msimamizi wa kambi. Na mchumba wangu.

"Kila magharibi waite kwa majina," alinishauri. "Mmoja mmoja, kila mtu aitike kwa kinywa chake. Watajua dada Tekla yupo pamoja nao."

Nikafanya hivyo. Malalamiko yakakoma, mbao zikaongezeka, tajiri akanisifu. Dominick, mdogo wangu niliyemwombea kazi ile mwenyewe, nilimwita wa mwisho ili nimsikie vizuri. "Nipo, dada," alikuwa akisema, na kile kicheko chake cha puani. Mama akiniuliza habari zake, namwambia mzima, nimemsikia leo.

Alasiri ya siku ile ile nikapanda lori la Nikodemu, dereva wetu, na betri ile miguuni. Tulipoipita Mitole na kuingia msituni, jua lilikuwa linazama. Akazima gari mbali na kambi.

"Siku hizi naishia hapa. Mbao wananiletea." Akashusha sauti. "Dada Tekla, ukiitwa jina huko, usiitike."

"Kwani kuna nini?"

"Nyie kwenu mnaitika magharibi?"

Hata kwetu hatuitiki. Mama alitufunza tukiwa wadogo: ukiitwa giza likiingia, nyamaza. Lakini nani angeifikiria redio? Redio ni kazi.

Nikashuka.

Msumeno ulikuwa unakwenda. Hrrr... hrrr... Hapakuwa na wimbo, hapakuwa na utani, hata kikohozi. Wapasua mbao hawafanyi kazi hivyo. Vumbi la mninga lilinukia, na ndani yake kulikuwa na harufu ya ubani.

"Habari za kazi?" niliwasalimu.

Midomo ilikuwa imefumbwa. Macho yalinijua.

Dominick alikuwa ndani ya shimo la kupasulia, kichwa kimejaa vumbi. Nilimwita kwa mnong'ono. Akafungua kinywa, ikatoka pumzi tupu. Akaninyooshea kidole, mimi dada yake, huku machozi yakimtoka.

Kisha kutoka kwenye kibanda cha redio nikaisikia sauti yake.

"Nipo, dada."

Na kile kicheko.

Nilikimbilia ndani. Klementi alikuwa amekaa mbele ya redio. Nyaya zilining'inia, hazikufungwa popote. Mezani palikuwa na vibuyu vidogo vilivyozibwa, kimoja tu kikiwa wazi, na kile kicheko kikiishia humo.

"Leo umechelewa kuwaita," alisema, kwa upole ule ule alioniposea.

"Umewafanya nini?"

"Mimi? Mimi nilipowaita walinyamaza. Mtu hamwitikii asiyemwamini." Akatabasamu. "Wewe walikuitikia siku ya kwanza."

Nilimpenda mtu yule. Gauni la harusi lilikuwa kwa fundi. Niliumia kiasi kwamba hofu yenyewe ilichelewa kunifikia. Alikuwa amenitumia mimi, na wema wangu, kuwachota watu kama maji kisimani.

Nje giza lilikuwa limeingia.

"Tekla," akaniita, taratibu.

Neno lilifika mdomoni. Nikauma ulimi hadi damu. Nikatoka mbio, nikamvuta Dominick kutoka shimoni, tukakimbia bila kugeuka. Nyuma yetu msumeno haukukatika.

"Tekla... Tekla, mpenzi..."

Sikuitika.

Polisi walipokwenda walikuta shimo na vumbi la mbao. Hawakuwakuta watu. Tajiri alisema wametoroka, akafunga ofisi, akarudi Dar. Redio ya ofisini hakuna aliyetaka kuigusa, nikaichukua nyumbani kwangu. Haina betri.

Dominick anakula, anapasua kuni, anafagia uwanja. Hasemi. Namchukia Klementi kila saa, na bado magharibi ikifika nakaa mbele ya ile redio na kumwita mdogo wangu, naye amekaa pembeni yangu, mdomo umefumbwa.

"Nipo, dada," redio inajibu.

Najua si vizuri. Lakini ningemsikia wapi tena?

Mama huwa simruhusu kuingia wakati huo. Jana nilisahau kufunga mlango. Nilikuwa nimeshamwita Dominick, redio imeshajibu, mama akaingia. Nikanyanyua mkono kuifunika. Haikunyamaza.

"Mama?" iliita, na kicheko kile cha puani. "Mama?"

Dominick aliruka kutoka kwenye kiti, mikono miwili mbele, kwenda kumziba mama kinywa.

"Bee, mwanangu," mama akaitika.