Simba Aliyetazama Kulia

Haya yalimpata rafiki yangu Gervas, mnunuzi wa beji za askari wa zamani, mtu asiyesadiki chochote ila alama ya kiwanda iliyogongwa nyuma ya beji.

Kule Nyantakara, Bibi Limi alimtolea beji moja ya kola, yenye umbo la simba anayetazama kushoto.

"Hizi huwa mbili, simba wakitazamana, bibi. Ya pili umeificha wapi?"

"Baba alizikwa nayo, mwanangu. Amelala hapo nyuma ya nyumba."

Gervas hakusadiki. Alikandamiza mgongo wa beji, wenye bonde la umbo la simba, kwenye kipande cha sabuni ya mche ili alama ya kiwanda ijitokeze, akakiacha juu ya kigoda, kisha wakatoka wote wawili kuikagua beji juani. Ilikuwa halisi, ya miaka ya vita vya Hitla.

Ndani, gizani, chuma kikagonga kigoda. Ko. Kimya. Ko.

"Yumo nani?"

"Naishi peke yangu, mwanangu."

Akarudi ndani mbio amfumanie huyo mtu. Hapakuwa na mtu. Juu ya sabuni zilikuwapo alama mbili. Ya pili ilikuwa ya kiwanda kilekile, simba wake akitazama kulia, na herufi zake zilijaa udongo mbichi.