Ubaridi wa Jirani

Mashine iliyoitwa Mgawi haikujua upendeleo. Ilikaa chini ya ardhi, katikati ya jiji la Dodoma, ikivuna nguvu za jua na kuzigeuza ubaridi, kisha ikiusukuma ubaridi huo kwa mabomba hadi kila nyumba. Siku za joto kuu, mtu alipoweza kufa akiwa amekaa sebuleni kwake, kila nyumba ilipata sehemu sawa, na hata waziri hakuongezewa chembe. Kuhamisha mgawo wa mwenzio ilikuwa jinai.

Nyamizi, mhandisi aliyeitunza Mgawi, aliijua sheria hiyo kuliko wengi, na ndiye aliyeivunja.

Mchana ule binti yake mchanga, Wande, aliyemlea peke yake, aliacha hata kulia. Mwili ulichemka, macho yakageuka juu. Magari ya wagonjwa yalikuwa yamezidiwa. Nyamizi akafungua kufuli la Mgawi kwa simu yake, akavuta ubaridi wote wa nyumba ya jirani, ya Mzee Ndahani na mkewe. Alijiambia kwamba wale ni Wagogo wa hapahapa, jua wamelizoea. Alijidanganya, na alijua anajidanganya. Jioni Wande akafumbua macho, na Mzee Ndahani alikuwa amefariki.

Mahakamani Nyamizi hakuficha kitu. Hakimu akaeleza kwamba sheria inatambua dharura: anayeivunja ili kuokoa uhai, akiwa hana njia nyingine, hana hatia. Akamuuliza kama njia nyingine ilikuwepo. Nyamizi akajibu hapana. Mgawi nayo ilipoulizwa ikajibu hapana. Akaachiwa huru, watu wakampa hongera, naye akaona haya kuzipokea.

Kutoka hapo alikwenda moja kwa moja msibani, mtoto mgongoni. Akamwamkia Mama Ndahani, akapiga magoti pembeni mwa mkeka, akamwomba radhi. Alisema hakuwa na njia.

Yule mama akamuuliza:

"Mlango wangu ulikuwa umefungwa?"

"Sijui, mama. Sikuja."

"Chumvi ikikuishia unakuja. Mtoto anakufa, hukuja. Ungepiga hodi, mwanangu. Tungebanana chumba kimoja, mimi, mzee, wewe na huyo mjukuu wangu."

Nyamizi akapiga hesabu kichwani, maana ndiyo kazi yake. Ubaridi wa nyumba mbili, ukielekezwa kwenye chumba kimoja, ungewatosha wote na kubaki. Mgawi isingeweza kuiona njia hiyo, kwa kuwa ilifundishwa kuhesabu nyumba tu. Aliyeifundisha ni yeye.

Machozi yakamtoka. Akasema atarudi kwa hakimu kesho, aseme njia ilikuwepo, wamfunge.

Mama Ndahani akamfungua mtoto kutoka mgongoni, akampakata.

"Mimi tayari nimebaki peke yangu," alisema. "Sasa unataka na huyu abaki peke yake?"