Unyayo Chini ya Uwanja Mpya

Dada ninayemsimulia humu ni wa tumbo moja na mimi, kwa hiyo asitokee mtu kuniambia haya nimeyaokota barazani. Nilikuwepo. Hata mkasi uliotumika siku ile ni wangu. Ninao mpaka leo, ila haukati tena kitambaa sawasawa.

Mambo yalianza kwa kawaida kabisa. Chuo chetu kilikuwa kimefura wanafunzi, kila mwaka bweni jipya, kila mwaka foleni ndefu zaidi bombani. Mwishowe wakubwa wakaikumbuka na michezo. Uwanja wa zamani wa kukimbilia, ule wa vumbi jekundu uliokuwa ukigeuka dimbwi mvua ikinyesha, ungesawazishwa na kutiwa lami, na juu ya lami umwagwe mpira wa rangi ya matofali. Jukwaa lingekuwa na paa. Vyumba vya kubadilishia nguo vingekuwa na maji ya moto, kitu ambacho hata nyumbani kwetu hatukuwa nacho. Watu walifurahi kama watoto walioahidiwa safari. Kipya kinyemi ingawa kidonda.

Dada peke yake hakufurahi. Alikuwa mtunza stoo ya michezo, na kwenye ukuta wa jukwaa la zamani jina lake lilikuwa limeandikwa kwa rangi ya mafuta. Alipokuwa mwanafunzi alikimbia mita mia nne kwa kasi ambayo msichana mwingine hakuwahi kuifikia tangu chuo kijengwe. Kila asubuhi alipita kwanza kulitazama jina lake, ndipo akaenda kufungua stoo. Sasa ukuta ulikuwa wa kuvunjwa, na Kocha alishatangaza kwamba uwanja mpya utakuwa na ubao mpya na rekodi zitaanza upya.

Mimi sijawahi kuandikwa ukutani popote. Ni fundi cherehani, nashona bukta na fulana za timu, na maisha yangu yote nimekuwa "mdogo wake yule mkimbiaji". Nilimwonea wivu, sikatai. Kwanza nilimwonea wivu wa miguu, kisha wa mume, na mume alipofariki nikabaki na wivu wa mtoto, maana mimi Mungu hakunijalia. Mtoto mwenyewe ndiye Sindano. Jina la utani hilo, kwa wembamba wake na kwa jinsi alivyokuwa akipenya katikati ya wenzake akikimbia. Alikuwa akisoma chuoni hapo hapo.

"Jina langu likitoka, liingie la mwanangu," Dada aliniambia. "La mtu baki, hapana."

Kikwazo kilikuwa kimoja. Mwaka ule alikuja msichana kutoka mbali, akaitwa Mgeni, na jina likamganda. Kila mazoezi alimshinda Sindano, tena kwa kidogo tu, kiasi cha mkono. Kushindwa kwa kidogo kunauma kuliko kushindwa kwa kingi. Dada alikuwa akimtazama Mgeni anavyofunga kamba za viatu, anavyokunywa maji, anavyocheka, na mashavu yakimcheza. Akampiga marufuku Sindano asikae na Mgeni, asile naye, wala asimsalimie zaidi ya salamu.

"Huyo amekuja kuchukua chako," alimwambia.

Viatu vya Mgeni vya misumari vilikuwa vya mtumba, na cha kulia kilipungukiwa msumari mmoja, ule wa chini ya kidole gumba. Kwa hiyo unyayo wake ulijulikana uwanja mzima. Ungeuona vumbini, vitobo vyote vipo na pengo moja, ukajua Mgeni amepita hapa.

Siku ya mwisho ya uwanja wa vumbi nilipeleka fulana, nikakuta mazoezi yamekwisha na wasichana wameshaondoka. Jua lilikuwa bado kali. Dada, aliyekuwa amejifungia stoo mchana kutwa akipanga vifaa vya kuhamishwa, nilimkuta amechuchumaa kwenye kona ya mwisho ya uwanja na kijiko cha chai mkononi.

"Unatafuta nini?"

"Msumari umedondoka," akasema bila kuinua uso.

Nikaamini. Niliona anafunga kitambaa fundo, tena kwa meno, kama mtu anayefunga dawa, lakini nikaamini. Kesho yake mitambo ikaingia.

Kazi ilichukua muda mrefu. Timu ikawa inafanya mazoezi barabarani, na hakuna aliyeruhusiwa kukanyaga mpira mpya mpaka siku ya ufunguzi. Katika muda huo Dada alikuwa akinijia dukani, anakaa, ananiuliza maneno yale yale.

"Mgeni umemwona? Anatembea vizuri?"

"Mzima wa afya."

"Haya," angesema, na kuondoka bila kuaga.

Karibu na ufunguzi Sindano alikuja kupimwa bukta mpya. Nilipiga magoti nikapitisha futi pajani, mguu wa kushoto, kisha wa kulia. Nikarudisha mkono haraka. Mguu wa kulia ulikuwa baridi kama sakafu ya asubuhi.

"Ndivyo ulivyo siku hizi," akasema. "Na nikilala unacheza wenyewe. Naamka nakuta shuka liko chini."

"Tangu lini?"

Akaangalia mlango. Akaninong'oneza, "Mama mdogo, usimwambie Mama. Tangu siku ile ya mwisho ya vumbi. Kiatu changu kilifunguka soli, na Mgeni alikuwa darasani, akaniazima vyake. Nikakimbia navyo mazoezi yote. Labda vilinibana."

"Kumbe mnaazimana viatu?"

"Ni rafiki yangu. Tunakula pamoja kila siku, mama hajui. Akijua ataniua."

Sitaki kudanganya, nilifurahi. Hatimaye nilikuwa na kitu cha mtoto yule ambacho mama yake hakuwa nacho. Nikamfungia bukta yake kwa karatasi nzuri, nikambusu kichwani.

Siku ya ufunguzi wageni walijaa jukwaani chini ya paa jipya. Ubao mpya ulikuwa umefunikwa kitambaa, nafasi ya kwanza ikisubiri jina. Nilikaa na Dada mstari wa mbele. Alikuwa amevaa vizuri kunizidi, kama kawaida yake, na alikuwa akitabasamu peke yake. Wasichana walipopanga mstari mdomo ukaniwasha. Nilitaka ajue kwamba najua.

"Unaona wanavyoshikana mikono?" nikamnong'oneza. "Mwanao na Mgeni ni chanda na pete. Hata siku ya mwisho ya vumbi, viatu alivyokimbia navyo Sindano vilikuwa vya Mgeni. Kiatu chake kilikufa. Mgeni mwenyewe hakukanyaga uwanjani siku ile."

Nilitegemea atanuna. Hakununa. Tabasamu lilibaki mdomoni, ila macho yaliliacha. Akanishika kifundo cha mkono, akanibana mpaka bangili ikaniingia nyamani.

"Rudia."

Nikarudia. Bastola ya kuanzia ikalia.

Alinisimulia haraka haraka, mdomo sikioni mwangu, wasichana wakishika kona ya kwanza. Alikwenda kwa mtaalamu. Mtaalamu alimwambia achote unyayo wa adui, aufukie njiani atakapopita, na mwenye unyayo akifika pale mguu wake utakamatwa. Dada alikwangua kishimo kwenye lami, kona ya mwisho, akautia ule udongo. Kesho yake mafundi wakamwaga mpira juu.

"Nimemfukia mwanangu," akasema.

Wasichana wakaingia kona ya mwisho. Mgeni mbele. Sindano nyuma yake kwa kiasi cha mkono. Walipopita pale nilimwona Sindano anashtuka, kama mtu aliyekanyaga maji ya moto. Kisha akaongeza mwendo. Akampita Mgeni. Akakata utepe yeye wa kwanza, na jukwaa zima likasimama kushangilia.

Hakusimama.

Wenzake walikuwa chini wanahema. Yeye aliendelea, akashika kona ya kwanza tena. Watu wakacheka. "Huyo ana furaha," mmoja akasema nyuma yangu. Alipopita mbele yetu mara ya pili, kicheko kilikuwa kimepungua. Mguu wa kushoto ulikuwa umechoka, unaburuzwa. Wa kulia haukuchoka. Ulimvuta. Ulikuwa unapiga mpira kwa nguvu, pa, pa, pa, kama mtu anayegonga mlango aliofungiwa.

"Nishikeni," akasema. Hakupiga kelele. Pumzi hakuwa nayo.

Kocha alimkumbatia, akaburuzwa. Mgeni naye alimshika mkono, akaangushwa. Mimi nadhani nilielewa kabla ya wote. Dawa ile ilikuwa ya udongo. Mguu ulikuwa unautafuta unyayo wake uurudie, na mpira mpya hauachi wala haurudishi unyayo wa mtu.

Dada alininyang'anya mkoba. Akatoa mkasi wangu. Akashuka jukwaani na gauni lake zuri, akapiga magoti kwenye kona ya mwisho, akaanza kukata uwanja.

Walinzi walisita. Nani amewahi kuona mama mtu mzima anakata uwanja kwa mkasi wa cherehani mbele ya wageni? Alikata. Akachoma. Akang'oa kwa kucha. Sindano alifika, akaruka juu ya mgongo wa mama yake, akaenda. Akazunguka. Akarudi. Akaruka tena. Hakuna aliyekuwa anacheka. Nilikuwa nasikia mkasi tu, na ule mguu.

Mara ya mwisho hakuruka vizuri, misumari ikampasua Dada begani. Dada hakugeuka. Alikuwa ameshaingiza vidole chini ya mpira. Akatoa udongo mwekundu kiganjani, mkavu, kidogo sana. Akaupuliza.

Sindano akaanguka kama nguo iliyokatika kamba.

Alipona, kama kupona ni kuishi. Madaktari walitazama, wakapiga picha, wakasema mguu ni mzima. Lakini hauna nguvu, anatembea na fimbo. Jina lake lipo ubaoni, la kwanza, kwa rangi ya dhahabu. Dada alifukuzwa kazi, na Sindano alipojua yote akasema, "Sitaki kumwona." Jirani akasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Dada akarudi kwenye nyumba tuliyozaliwa, ile ya mwisho wa barabara ya machimboni. Mtoto akaja kuishi kwangu. Watu walinipa pole. Nilizipokea nimeinamisha kichwa, wasiuone uso wangu.

Nikapiga deki siku moja, Sindano akapita sakafu ikiwa mbichi, ndipo nikaona. Alama za fimbo. Alama za mguu wa kushoto. Wa kulia, hakuna kitu. Anaukanyaga chini, unagusa sakafu, na hauachi hata unyevu.

Wiki ile ile Kocha alinieleza kwamba kiraka walichobandika kwenye kona ya mwisho kimetokea alama. Unyayo wa kulia, umezama kwenye mpira, vitobo vyote vipo na pengo moja. Wakabadilisha kiraka. Ukatokea mbele yake kidogo. Kisha kwenye mstari wa kumalizia. Kisha ukaonekana kwenye saruji ya lango, nje. Wakapumua. Mimi sikupumua, maana najua lango lile linatazama mtaa gani.

Nimeukuta barazani kwangu asubuhi, mmoja tu, wa udongo mwekundu, umeelekea mlangoni. Nikaufuta kabla hajaamka. Kesho yake ulikuwepo, karibu zaidi. Nikafuta. Nimekuwa nikiamka kabla ya majogoo kufuta. Jana alinikuta na kitambaa mkononi.

"Mama mdogo," akaninong'oneza, "usiufute tena. Ni wangu."

"Rudi ukalale."

"Unanitafuta. Na mimi nimemkumbuka Mama."

Nikamwambia mama yake ni mimi. Usiku nikafunga mlango kwa ufunguo, nikauvaa ufunguo shingoni, nikaulalia.

Leo barazani hapakuwa na kitu. Nikashukuru. Nikaingia kumwamsha. Fimbo ilikuwa imeegemea ukuta. Kitanda kilikuwa kitupu. Na mlango wangu, kabla sijaufungua, nilikuwa nimeukuta umefungwa vile vile, ufunguo ukiwa bado shingoni mwangu.

Sakafuni kulikuwa na nyayo mbili sambamba. Wa kushoto, wa mguu mtupu. Wa kulia, wa misumari, na pengo. Kutoka hapo zinaachana, hatua ndefu, hatua za mtu anayekimbia. Zinafika kwenye mlango uliokuwa umefungwa, zinaruka baraza zima, na zinaendelea huko nje. Nilidhani zinakwenda chuoni. Haziendi chuoni. Zimeshika barabara ya machimboni, kwa mama yake.

Nimesimama nimezitazama mpaka jua limenipiga usoni. Baada ya yote aliyomtenda, bado ni yeye. Siku zote ni yeye.

Pale barabara inapoanza udongo ni laini, na unyayo wa kulia umetoka vizuri sana. Hakuna aliyeukanyaga bado. Nimerudi ndani kuchukua kijiko.