Jina Lililoitwa Ziwani

Tangu asubuhi, pale bandarini Baraka, karani Anatole hakusikia mtu akiitwa jina. Wavuvi walishusha ndagala, dagaa wa ziwa lile, wanawake wakazianika mchangani, nao waliitana tu "we wa kamba", "mama wa kapu". Hata Bonaventure, kaka wa mkewe, aliporudi ziwani kutega nyavu, aliagwa kwa mkono.

Mwaka ule, 1954, Anatole alikuwa ametumwa kutoka Fizi kuandika wavuvi wote. Alipenda jina likae sawasawa, la ukoo na la ubatizo. Adhuhuri mitumbwi ilipokaribia, aliingia majini hadi magotini na daftari lake.

"Karani, ngoja batoke kwanza," alisema mama mmoja aliyekuwa akigeuza samaki. "Huku hatuite muntu jina juu ya maji."

"Sasa niandike 'wa kamba' mu buku ya serikali, mama? Lori ya Fizi inaenda saa nane."

Akaita: "Wilondja Bonaventure!"

"Niko!" shemeji akajibu kutoka mtumbwini.

"Niko!" ikajibu sauti ileile, nyuma ya mtumbwi, mahali ambapo hapakuwa na kitu ila maji yaliyotulia.

Harufu ya tope bovu ikapanda. Bonaventure alianguka juu ya nyavu zake, na kwa siku tatu alilala bila kusema, mwili baridi kama samaki, ila kila adhuhuri aliinuka akiwa amefumba macho na kutembea kuelekea ziwani, wanaume wanne wakimshika, huku sauti yake mwenyewe ikimwita kutoka huko mbali majini.

Mwalimu Waziri, aliyefundisha Korani pale ufukoni, alimnywesha kombe, maji yaliyooshea aya alizoziandika sahanini. Kisha akanong'ona:

"Karani, hii jina ulishaipatia yule wa maji. Umuachie. Huyu tumupatie ingine, na ile ya kwanza isiitwe tena na muntu yeyote."

"Lakini ni jina ya ubatizo, mwalimu."

"Unataka jina, ao unataka shemeji?"

Anatole alifungua daftari, akalifuta jina kwa wino, mara mbili, akaandika Casimir. Jioni ile mgonjwa alifumbua macho, akaomba bugali.

Kesho yake Anatole alipanda lori la alfajiri kurudi Fizi, na njia nzima ya mlima, ziwa likizidi kuwa dogo nyuma yake, alipanga maneno ya kumwambia Florentine mkewe, ayaseme taratibu, mlango ukiwa umefungwa, asije akalitaja jina lile. Lakini alipoingia uani jua likiwa utosini, mkewe alitokea mbio jikoni, mikono imejaa unga, akicheka kwa furaha, na kabla mumewe hajainua mkono kumzuia, akauliza:

"Na Bonaventure wangu, ulimuacha muzima?"

Ndani ya mtungi wa maji, kando ya mlango, sauti ya shemeji ikajibu:

"Niko."