Mshale wa Mia Saba

Ufunguo wa gari ulikuwa kwenye mfuko wa ovaroli ya Mwaisha. Aliupapasa mara mbili kuhakikisha. Injini ilikuwa imezimwa tangu jana yake jioni, boneti limepoa, na bado kwenye dashibodi mshale wa mizunguko ulikuwa umesimama kwenye mia saba, palepale unaposimama gari likiwa kwenye silensa, linanguruma taratibu bila kukanyagwa.

"Baba Sabra, hebu njoo uone kituko," alimwita mumewe.

Abasi alikuja na chupa yake ya maji mkononi, akaegemea mlango wa dereva na kuchungulia. "Si waya tu huo umegusana?"

"Waya ukigusana mshale unarukaruka. Huu umetulia."

Mwaisha akagonga kioo kwa ukucha. Mshale haukutikisika. Ilikuwa saa nne asubuhi, jua limejaa gereji nzima, barabarani Mwembesongo watu wanabishana bei ya nyanya, na mshale ule unahesabu mizunguko ya injini iliyolala. Mteja akaita nje, Abasi akatoka kumsikiliza. Hajamaliza hatua kumi, mshale ukashuka wenyewe hadi sifuri.

Sasa wapo watakaosema, mshale tu, makelele yote haya ya nini? Hao hawajawahi kukaa ndani ya gari la mbio. Dereva akiwa kwenye kona za milimani hana muda wa kusikiliza injini. Anatupia jicho mshale, mguu unatii. Ukimdanganya kwa mia saba, anabadili gia pasipo pake, gari linamponyoka, na barabara ya Mgeta upande mmoja ni mlima na upande wa pili ni hewa tupu. Ndiyo maana Mwaisha, fundi umeme wa magari ambaye wanaume wa mji huu walimcheka miaka miwili kisha wakaanza kumpangia foleni, alikuwa ameiwekea ile kompyuta ya gari kikomo cha elfu saba. Injini ikifika hapo, inajikatia mafuta yenyewe, dereva apende asipende. Abasi, dereva wa gari lile, hakupenda. Alitaka elfu saba mia nane.

"Mashindano Jumamosi," alimkumbusha. "Wenzangu wote wamepandisha."

"Wenzako wana wake zao. Mimi mshale huo usiponyooka, hutoki hapa. Na ukitoka, usirudi kwangu."

Alisema hivyo kwa ukali kwa sababu aliogopa. Abasi alijua, akacheka, akanywa maji.

Jumanne yote Mwaisha alihangaika. Alichomeka waya wa mashine ya kupimia, akafungua kompyuta yake mpakato mapajani, akamweka Athanas kwenye usukani. Athanas ndiye fundi injini wa gereji ile, mtu wa Mgeta, mpole, na ndiye anayekaa kushoto kwa Abasi kwenye mashindano akimsomea kona. Athanas akakanyaga: kompyuta ikasema elfu tatu, mshale ukasema elfu tatu. Safi kabisa. Akakaa Abasi: kompyuta elfu tatu, mshale elfu tatu mia saba. Akarudi Athanas: sawasawa. Akarudi Abasi: mia saba imezidi.

"Uzito wako huo," Mwaisha alisema. "Umenenepa, unabana waya chini ya kiti."

Waliking'oa kiti. Hakuna waya uliobanwa. Wakakirudisha, na mchezo ukawa uleule.

Kisha ikaja harufu. Ilitoka kwenye matundu ya hewa ya dashibodi, feni ikiwa imezimwa, harufu ya mawe mabichi na majani yaliyooza kivulini. Mwaisha alichungulia chini ya zulia akitafuta maji, akakuta pakavu. Alipoinua kichwa, alisikia kitu nyuma ya dashibodi kikipita, mtiririko mwembamba usiokatika.

"Athanas," aliita kwa sauti ya chini. "Hebu washa injini. Iache ichemke vizuri."

Iliwaka dakika arobaini. Athanas akazungushia kitambaa mkononi, akafungua kifuniko cha rejeta polepole huku amegeuza uso pembeni, maana mvuke wa rejeta umewababua mafundi wengi. Hakukutoka mvuke. Akainama, akatazama, akatumbukiza kidole.

Alikitoa haraka kweli. Kilikuwa kimekufa ganzi.

"Ya baridi," alisema. "Mama Sabra, maji ni ya baridi kama ya kutoka mwambani."

Injini yenyewe ilikuwa ya moto, ukiigusa inakubabua. Yale maji ndani yake yalikuwa meupe, hayana hata chembe ya kutu.

"Mliyatoa wapi maji haya?"

Athanas akafuta mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Ndipo akasema. Jumapili walipolijaribu gari barabara ya Mgeta, lilichemka, maji yote yakaisha. Karibu na pale palikuwa na chemchemi. Abasi akachukua dumu la lita tano, akateremka kuchota, yeye akabaki chini ya boneti.

"Chemchemi ile ina wenyewe," alisema. "Huchoti hivihivi. Unapiga hodi, unaomba, unaweka unga kidogo, unachota kwa kibuyu. Nimezaliwa huko, mama yangu alikuwa akinipiga kwa jambo hilo. Nikaona, ah, mimi mtu wa kanisani, fundi, nianze kumwambia Abasi habari za unga? Nikanyamaza. Niliona aibu, shemeji."

"Ungesema!"

"Ningesema."

Athanas akapiga simu palepale. Mwanamke aliyepokea anaitwa Bi Furaha, analima kabichi juu ya chemchemi ile, na kuiangalia ni kazi aliyoachiwa na mama yake, aliyeachiwa na mama yake. Athanas akaweka sauti kubwa ili Mwaisha naye asikie.

"Niliwaona," Bi Furaha alisema kabla hajaulizwa. "Mnachota kama mnaofukuzwa na polisi! Sasa nisikilize. Usiyamwage huko mjini. Yarudi yakiwa humohumo ndani, na aliyeyachota ndiye ayalete."

"Kwani huyo mwenye chemchemi ni nani, Bibi?" Mwaisha aliuliza. "Ana ubaya gani?"

"Hana ubaya, mwanangu. Hajui kusimama tu. Tangu dunia iumbwe yeye kazi yake ni kukimbia. Mkimweka mahali, atapakimbiza mpaka papasuke."

Alhamisi asubuhi waliondoka, Athanas mbele na pikipiki, Abasi na Mwaisha nyuma yake kwenye gari la mbio, kompyuta mapajani mwa Mwaisha, waya wa mashine umechomekwa chini ya usukani. Mpaka tambarare inaisha, mshale ulizidi kwa mia saba yake ile na haukufanya zaidi. Mwaisha akaanza kujiona mjinga. Abasi alikuwa amemaliza chupa mbili za maji na bado analamba midomo.

Walipoanza kupanda, ukungu ukashuka na ile harufu ikarudi.

"Punguza," Mwaisha alisema.

"Nimepunguza."

Kompyuta ilisema elfu mbili mia tano. Mshale ulisema elfu nne. Kisha Mwaisha akaona jambo jingine: mshale ulipanda hadi elfu tano, ukasubiri, na injini ikanguruma na kuufuata. Ukapanda elfu sita, injini ikaufuata. Mshale haukuwa unahesabu tena. Ulikuwa unaamuru.

"Baba Sabra, toa mguu!"

"Sijakanyaga! Tazama, sijakanyaga!"

Alitazama, na kweli viatu vyote viwili vya mumewe vilikuwa sakafuni, pedali imelala chini peke yake kana kwamba kuna mguu juu yake, gari likanguruma na kuruka mashimo, kona ya kwanza wakaipita tairi zikitupa mawe bondeni, ya pili wakaikuta wakiwa katikati ya barabara, na injini ikafika elfu saba ikajikata, pa-pa-pa-pa, ikashika, ikajikata tena, huku mtiririko nyuma ya dashibodi umekuwa mkubwa kama korongo wakati wa masika na ndani yake Mwaisha akasikia mtu akicheka, si kwa ubaya, ni kicheko cha mtoto anayekimbia mteremko, na alipogeuka kumtazama Abasi aliona midomo yake imefunguka kwa kicheko hichohicho, na macho yake yamejaa machozi ya woga.

Vidole vya Mwaisha vikajua la kufanya kabla yake. Kwenye kompyuta alifungua ukurasa wa kikomo, akafuta elfu saba, akaandika elfu mbili, akabonyeza.

Injini ikakohoa. Mshale ulibaki juu kwenye nyekundu ukitetemeka, lakini injini haikuweza kuufuata. Ilikata, ikashika, ikakata, ta, ta, ta, na gari likaanza kutambaa kama mgonjwa anayepanda ngazi. Hivyo ndivyo walivyofika kwenye chemchemi. Mwaisha akamshika Abasi mkono, akaukuta wa baridi, akasema moyoni ni hofu.

"Shikamoo, Bi Furaha," Mwaisha alisema.

"Marahaba. Shukeni. Na wewe baba, chuchumaa, piga hodi kama mtu aliyelelewa."

Abasi alichuchumaa kando ya chemchemi, akaomba radhi, akaweka unga mweupe juu ya jiwe. Athanas akafungua koki ya rejeta. Maji yakatoka meupe, ya baridi, yakaingia kwenye dumu lilelile. Yalipokatika, Bi Furaha alilinyanyua akalitazama juani.

"Hayajatimia. Vimepungua vikombe viwili hivi."

"Mengine yamechemka, Bibi, yamekuwa mvuke," Athanas alisema.

"Yamechemka na ulisema ya baridi? Siku ile nilikuwa juu pale kwenye kabichi. Dumu lilijaa mpaka mdomoni." Akawatazama mmoja mmoja. "Hakuna mwenye neno?"

Abasi alikuwa anatazama unga wake. Bi Furaha akamimina maji polepole, nayo yakaondoka mbio kuingia majanini, na akamwambia Mwaisha peke yake, "Haya. Kilichobaki kitajionyesha chenyewe."

Mwaisha angeuliza zaidi. Hakuuliza, kwa sababu alitaka yawe yamekwisha, na mtu akitaka hivyo hujifanya hakusikia. Alimwambia Abasi apande pikipiki na Athanas, yeye akateremka na gari peke yake, rejeta ikiwa na maji yaliyoombwa kwa heshima. Mshale na kompyuta vilikubaliana njia nzima. Aliimba kidogo alipofika lami.

Ijumaa alisafisha rejeta, akaweka maji ya dukani yenye dawa ya kijani, akawasha. Mia saba kwa mia saba. Elfu sita kwa elfu sita. Alirudisha kikomo elfu saba, injini ikajikata hapohapo, hakuna kuzidi. Akazima. Sifuri.

Lakini ni fundi, na fundi halali na shaka. Alifungua dashibodi, akachomoa soketi zote, akaitoa saa nzima yenye ule mshale akaiweka juu ya meza ya kazi, juu ya kanga kuukuu, ili aitazame mgongoni kwa mara ya mwisho. Haikuwa na waya hata mmoja. Athanas alikuwa ameenda kula. Adhana ya alasiri ilikuwa imekwisha na gereji imetulia.

Abasi aliingia kutoka msikitini, kofia mkononi, uso una furaha. "Vipi, Mama Sabra? Kesho natoka, sitoki?"

Mbele ya Mwaisha, juu ya kanga, mshale ukanyanyuka. Ukafika mia saba, ukatulia.

Mwaisha alitazama soketi zilizofunguka mgongoni mwa saa, akatazama mshale, akamtazama mumewe mlangoni na chupa ya maji kwapani.

"Rudi nyuma hatua kumi," alisema kwa sauti ya chini.

"Mbona hivyo?"

"Rudi, Abasi."

Hakuwa amemwita jina lake tangu mtoto azaliwe. Akarudi. Mshale ukashuka. Akamwita tena aje, mshale ukapanda.

"Yale maji," Mwaisha alisema. "Siku ile ya Jumapili. Uliyanywa?"

Abasi akaiweka chupa chini. "Nilikuwa na kiu, mke wangu. Jua lilikuwa kali. Nilikunywa kidogo tu pale nikipanda na dumu, kabla sijampa Athanas."

"Na jana ulinyamaza!"

"Ningesema mngenizuia kesho." Alijaribu kutabasamu, kisha akaweka kiganja kifuani. "Ila tangu asubuhi moyo unanienda mbio. Nadhani ni mashindano."

Elfu moja. Elfu moja mia tano.

"Kaa chini. Pumua taratibu. Usiogope, nakuomba usiogope."

"Siogopi," alisema, na mshale ukaruka elfu tatu, ile harufu ya mawe mabichi ikajaa gereji, na kutoka kifuani mwake Mwaisha akasikia maji yakikimbia. Abasi akafungua mdomo aseme kitu kikatoka kicheko cha mtoto anayeteremka mlima. Elfu nne. Elfu tano. Juu ya kanga mshale ulikuwa unatafuta nyekundu.

Mwaisha alikwishafungua kompyuta, ukurasa wa kikomo uko wazi, namba elfu mbili ameshaiandika. Akashika waya wa mashine, akapiga magoti mbele ya mumewe, akamtazama kuanzia utosini hadi miguuni, na hakuona pa kuuchomeka.